Mmoja kati ya watano, au zaidi ya nusu?

Ukitaka mtoto wa German Shepherd, utaonywa kwamba mmoja kati ya watano ana displasia ya nyonga, yaani kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri kwenye kikombe chake. Takwimu hiyo imetokana na OFA, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1966, ambayo hupima picha za eksirei za nyonga za mbwa. Si ya kubuni. Tatizo ni nani aliyehesabiwa.

Picha hizo hupelekwa kwa hiari. Mbwa hulazwa chali, miguu ya nyuma ikanyooshwa, na daktari wa mifugo ndiye wa kwanza kuitazama picha. Akiona mfupa umetoka nusu nje ya kikombe, mara nyingi picha huishia hapo hapo kliniki. Mwaka 2005 watafiti waliochunguza upendeleo huu walikuta displasia kwa golden retriever, aina nyingine ya mbwa, ni kati ya asilimia 53 na 73, kutegemea nani anasoma picha na dalili ipi inahesabiwa.

Wapo wanaosema idadi kama hizo zinatisha watu bure, kwa kuwa mbwa wengi wenye picha mbaya hawachechemei kamwe. Ni kweli, na kumtangaza mbwa mgonjwa kwa picha peke yake ni kumwonea. Ila mbwa huficha maumivu. Yule anayesitasita kabla ya kurukia kiti cha gari, au anayepanda ngazi kwa miguu yote miwili ya nyuma pamoja kama sungura, nyumbani huitwa mvivu, na hafikishwi kliniki. Kwa hiyo mimi huichukua ile ya mmoja kati ya watano kama kiwango cha chini.

Na kiwango chenyewe hakijaandikwa kwenye damu tu. Katika utafiti mmoja, mbwa 48 wa aina ya Labrador walilelewa wawili wawili, kila jozi ikitoka uzao mmoja, na mmoja wao akipewa chakula pungufu kwa robo. Waliopunguziwa walipata displasia kidogo zaidi, na waliishi karibu miaka miwili zaidi. Mfugaji anayekutajia asilimia ya aina nzima ya mbwa bado hajakujibu. Mwombe picha za nyonga za baba na mama, na uulize ndugu zao wanatembeaje.