Kabla ya kulipa dipoziti Malindi

Mwandishi wa makala moja niliyosoma anatuhimiza sisi wa Nairobi tuhamie Malindi tufanyie kazi huko, kodi ni nafuu. Sawa, lakini kagua nyumba kwanza. Fungua bomba la jikoni uonje maji. Ya mfereji hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki. Yakikatika, nyumba nyingi hutegemea kisima, na kisima karibu na ufuo mara nyingi kina chumvi. Sabuni haitoi povu, koili ya hita inashika ukoko mweupe mpaka inaungua. Dai tangi la lita 1,000 la maji ya mfereji pekee, lisichanganywe na ya kisima.

Halafu bawaba na vyuma vya madirisha. Rangi ikivimba na kumwaga unga mwekundu, upepo wa chumvi unaingia hapo moja kwa moja, na kompyuta haitasalimika.

Bahari nayo: wakati wa kaskazi, upepo unaotoka kaskazini-mashariki, mto ukiwa umejaa, matope ya Sabaki husukumwa kusini hadi ghuba ya Malindi, maji yanakuwa kahawia. Anayetaka kuogelea aende Watamu. Na tusiwalaumu wenyeji, maana Sabaki ni Athi yetu hii hii, inayopokea mto Nairobi na taka zake zote.