Spea ya injini haitunzwi kwa oili chafu

Wenye magari ya utalii hapa Arusha wanajua kununua spea. Krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, ya 1HZ, injini ya dizeli ya Land Cruiser, ikipatikana kwa bei nzuri mtu hachukui moja, na silinda hedi ikisikika imeingia, watu wanaikimbilia kabla jirani hajapiga simu. Sina ugomvi na hilo. Land Cruiser ikikata krenki mwezi wa saba, msimu umechanganya, mgeni hatakusubiri uzunguke Kariakoo kutafuta nyingine. Ugomvi wangu unaanza spea inapofika stoo. Mtu aliyetoa mamilioni bila kigugumizi anaona uchungu kumlipa fundi siku moja tu aisafishe na kuifunga vizuri.

Kwa hiyo inafanyika kazi ya dakika tano. Kidumu cha oili iliyomwagwa kwenye sevisi, tambara, paka juujuu, funika kiroba, sukuma chini ya meza. "Bosi, hii imelala, haipati kitu." Inapata. Oili iliyotoka kwenye injini ya dizeli imebeba masizi, maji, na asidi inayozaliwa na uchomaji wa mafuta. Kwenye gari tunaimwaga kwa sababu hizohizo, halafu tunaigeuza dawa ya kupaka shingo za krenki, sehemu ambazo mashine imezisaga ziwe laini kabisa na ambazo kidoa cha kutu kinatosha kuzirudisha kuchongwa. Oili safi ni ya bei ndogo sana ukiilinganisha na krenki.

Stoo nayo ina makosa yake. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Usiku wa Juni na Julai ni wa koti, na mchana jua likipiga kwenye kontena, ndani hapakaliki. Chuma kizito kinapoa usiku na kinachelewa kupata joto, hivyo hewa yenye unyevu ikikigusa asubuhi inaacha umande juu yake. Hakuna haja ya paa kuvuja. Unyevu wa hewa ukivuka asilimia 60 hivi, kutu kwenye chuma kitupu inaanza kwenda mbio, na masika yetu ya Machi hadi Mei yanavuka hapo bila shida. Wenzetu wa mji wa Moshi wako chini zaidi na joto lao ni kubwa, lakini kontena linatoa jasho hukohuko pia.

Masika ndiyo hasa wakati mafundi wana nafasi, maana magari yamelala. Kazi ya kufunga spea huangukia kipindi kibaya kuliko vyote, na hilo halikwepeki. Ninachodai ni kwamba ifanywe siku ya jua, mchana, chuma kikiwa na joto mkononi. Ukifunga chuma cha baridi asubuhi kwenye nailoni, unyevu umeufungia humo humo.

Osha kwa mafuta ya taa, pitisha brashi nyembamba kwenye matundu ya oili ya krenki, kisha puliza upepo. Ila mwaga kwanza maji ya kwenye tangi la kompresa! Gereji nyingi hazikumbuki, na fundi anabaki anapulizia maji akidhani anakausha. Baada ya hapo vaa glavu, kwa sababu jasho lina chumvi na alama ya kidole inaota kutu yenye umbo la kidole. Paka grisi au dawa ya kuzuia kutu, funga kwa karatasi ya kuzuia kutu, ile inayotoa mvuke wa dawa, kisha mfuko uliozibwa. Gazeti na katoni vinanyonya unyevu, usivitumie. Beringi mpya ziache ndani ya pakiti zake. Hakuna sababu ya kufungua boksi ili kila mgeni wa stoo aone kwamba ni orijino.

Krenki naisimamisha wima na kuifunga kamba isianguke. Wapo mafundi wanaosema ikilazwa kwenye egemeo zuri haipindi, na huenda wako sahihi, ila mbao zao za egemeo nimeziona.

Andika kwenye lebo imechongwa kiasi gani. Krenki iliyochongwa milimita 0.25 bila maandishi itakutana na beringi za standadi, zile za krenki ambayo haijachongwa, siku ya haraka, usiku, na dereva amesimama mlangoni.

Pampu ya dizeli, nozeli na turbo zizibwe kila tundu kwa kofia ya plastiki. Nyigu wa udongo wanajenga ndani ya tundu lolote linaloachwa wazi. Tambara lisitumike, linasahaulika ndani.

Kwa injini nzima, weka oili kidogo ndani ya silinda na izungushwe kwa mkono mara kwa mara, isimame mahali tofauti kila mara. Kuiwasha dakika mbili kila mwezi, kama wengi wanavyopenda, ni kuidhuru: haipati joto la kutosha kukausha maji yanayotokana na moto wake wenyewe, yanabaki kwenye oili na kwenye bomba la moshi.

Vitu vya mpira mimi siviweki akiba ya miaka. Mkanda wa taiming wa 1HZ, oili sili na mabomba ya maji vinazeeka vikiwa vimekaa, na joto la kontena linaharakisha. Tena stoo zetu nyingi zimetenganishwa na sehemu ya kuchomelea kwa ukuta wa mbao, na cheche za umeme zinatengeneza ozoni inayopasua mpira. Hivyo nunua karibu na siku ya kuvifunga kwenye gari, na fedha iliyobaki mlipe yule fundi.