Jumla Nane

Najua mmeshaisikia, ile aibu yangu ya kikao cha harusi. Yule ninayemwita rafiki kaitundika stetasi tangu jana usiku, na kaongeza chumvi kwamba nililia. Sikulia. Jasho liliniingia machoni.

Kikao cha harusi, projekta ukutani, mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta wa ukoo. Programu ya michango nimeiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, mikono yangu mwenyewe. Nikabonyeza Enter. Ukutani ikatokea 4350000, imesimama peke yake kama mgeni asiye na kadi, na chini yake:

Jumla: None

Mjomba akavaa miwani. "Jumla... nane." Kimya. "Shilingi nane? Tangu Pasaka tunachanga, shilingi nane?"

Kosa la wiki ya kwanza darasani. Fanksheni yangu ya jumla, kile kipande cha programu kinachojumlisha michango, iliishia na print(t) badala ya return t. Print inamwonyesha mtu tu, aliyeiita fanksheni haambulii kitu, na fanksheni isiyo na return inarudisha None, yaani "hakuna kitu". Nyumbani niliijaribu kwa kuita jumla(michango) basi, namba ikatoka, nikalala fofofo. (Wewe unayecheka, kafungue ya kwako kwanza.) Nikabadilisha neno moja hapo hapo: Jumla: 4350000. Makofi. Ningefunga laptopu saa ile ile.

Sikufunga. "Sasa tuwaone wanaodaiwa," nikasema, sauti ya mtangazaji wa mpira.

Jina la kwanza, Mjomba. Mjomba aliyetoa laki tano taslimu siku ya kwanza, mbele ya kamati nzima. Akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la shati. Akaivaa tena. Feni inazunguka. Shangazi kitumbua kiko mdomoni, hakimung'unyi wala hakimezi. "Mwanangu," akasema Mjomba, kwa ule upole wa kutisha, "mimi nadaiwa?"

Nikapandisha juu kwenye waliolipa, labda nipone. Majina yale yale! Wadaiwa sugu wote wamelipa. Hao hawakulalamika hata mmoja.

Fanksheni ya kuongeza jina kwenye orodha nilikuwa nimeiandika hivi:

def ongeza(jina, orodha=[]):

Ile [], orodha tupu, haitengenezwi upya kila unapoita. Inatengenezwa mara moja tu, mstari wa def, ule unaoanzisha fanksheni, unapotekelezwa, na kila anayeita bila kuleta orodha yake anapewa hiyo hiyo. Waliolipa na wanaodaiwa walikuwa wanakula sahani moja. Ilitakiwa iwe:

def ongeza(jina, orodha=None):
    if orodha is None:
        orodha = []
    orodha.append(jina)
    return orodha

Ndiyo, None yule yule aliyeniumbua dakika kumi kabla.

Nimeomba radhi, nimetozwa kreti mbili za soda, harusi iko palepale. Kwenye grupu la kamati jina langu limeshabadilishwa: Bwana Nane.