Kabla hujaniuliza mwanangu anakula nini

Kila nikimpeleka kliniki swali ni lilelile: "Mama, huyu anakula nini?" Nataja: uji, ndizi za kuponda, samaki, mtindi, parachichi likiwepo. Muuguzi anatazama mizani, anatazama kadi, kisha ananitazama mimi. Mwanangu ana miaka 7 na kilo 13. Siku moja nikaambiwa mbele ya foleni nzima niache kumnyima mtoto chakula. Nililia kwenye daladala mpaka konda akanirudishia nauli.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo: ubongo wake unashindwa kuiongoza misuli vizuri. Chakula kipo, kazi ni kukifikisha tumboni. Ulimi wake unasukuma nje kile anachotaka kukimeza. Taya zinabana kijiko ghafla na haziachii. Maji, ambayo kila mtu anadhani ndiyo mepesi, ndiyo yanayompalia kuliko vyote, kwa sababu yanakimbia kabla koo halijawa tayari.

Kuna mwaka alilazwa mara tatu kwa nimonia, na mara zote nikaambiwa nimfunike vizuri usiku. Baridi gani, Tanga, mwezi wa Februari? Ulikuwa uji. Nilikuwa namlaza chali mapajani, kichwa kimeangukia nyuma kwenye mkono wangu, nammiminia kikombe, kama tulivyolelewa sote. Mtoto asiyemudu kumeza ukimlisha hivyo, uji unaingia kwenye njia ya hewa kidogo kidogo, wakati mwingine bila hata kukohoa.

Aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa mazoezi tiba. Yeye hakuuliza anakula nini. Alisema, "Kesho njoo na bakuli lake, umlishe hapa nikuone." Kijiko cha tatu tu, akanishika mkono.

Akanionyesha. Mtoto akae wima, miguu ikanyage kitu, kidevu kiinamie kifuani kidogo. Mimi nikae mbele yake, macho yetu yawe sawa, maana nikisimama naye atainua uso kunitazama, na koo litakuwa lilelile la kumlaza chali. Kijiko kidogo, bapa, kijae nusu. Nisubiri ameze ndipo nilete kingine. Uji uwe wa kudondoka kwa mabonge, usiwe wa kutiririka. Akimaliza, abaki amekaa kama nusu saa. Kiti alikitengeneza fundi seremala wa mtaani kwa mbao za kreti, na mkanda wake ni kipande cha kanga.

Somo lote lilichukua robo saa. Ndiyo maana nasema kliniki zetu zinauliza swali la pili, anakula nini, kabla ya la kwanza, anakulaje. Wekeni kiti kimoja na bakuli moja pale kwenye mizani, mumtazame mama akilisha. Orodha ya vyakula itafuata.

Nayo ina mambo yake. Mwanangu huchoka baada ya nusu saa, kwa hiyo kila kijiko lazima kibebe kitu. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4. Kijiko cha chai cha mafuta ya kula, kalori kama 40, hakiongezi ukubwa wa bakuli hata kidogo. Basi uji wetu unaiva kwa tui zito, unaongezwa dagaa waliosagwa na kuchekechwa miiba. Ule unga wa lishe wa nafaka kumi na mbili mimi niliuacha. Hujui karanga zake zilikaa ghala gani, na ukungu wa karanga na mahindi ndio unaozaa sumukuvu. Nanunua karanga zangu, nachambua zilizosinyaa, nakaanga mwenyewe.

Kitu kingine kisichosemwa ni choo. Mtoto anayepaliwa na maji hunywa kidogo, choo kinakuwa kigumu, tumbo linajaa, naye anakataa kula, kisha tunasema hana hamu. Kwetu papai lililopondwa limesaidia kuliko dawa ya hamu ya kula niliyowahi kuuziwa. Na dawa yake ya kifafa siichanganyi kwenye bakuli zima. Akiacha nusu, nitajuaje kameza kiasi gani? Inaingia kwenye kijiko cha kwanza, akiwa bado na nguvu.

Wenzangu wenye watoto wa usonji wana vita nyingine kabisa: mtoto anatafuna vizuri lakini hataki chochote kisicho chipsi, na zikikatwa tofauti hali. Wapo walioambiwa waondoe ngano na maziwa ili mtoto aanze kuongea. Ushahidi wa hilo ni dhaifu, na kumwondolea maziwa mtoto anayekula vitu vitatu tu duniani ni kumpunguzia theluthi.

Mama mkwe alikuja Idi iliyopita. Mtoto akageuza uso, naye akasema kwa upole, "Mbane pua mwanangu, atameza tu. Sote tulifanya hivyo." Nikamjibu, "Mama, nikimbana pua atavuta hewa kwa mdomo, na uji utaifuata." Akanyamaza. Baadaye akavuta kigoda, akakaa mbele ya mjukuu wake, akaomba kijiko. Alikijaza pomoni. Nikamwonyesha nusu. Wakaenda hivyo dakika 40, mara anamwimbia, mara anamfuta udenda kwa upindo wa khanga yake, mpaka kijana akafumba mdomo na kugeukia dirishani. Bibi akanitazama.

"Ameshiba, Mama," nikamwambia. "Hivyo ndivyo anavyosema."

Akaweka bakuli chini.