Kabla gari la zimamoto halijafika

Agosti moja, upepo wa kusi ukivuma, cheche iliruka kutoka kwenye mafiga ya shangazi yangu, kijijini nje ya mji wa Newala, ikashika makuti ya jiko. Tangazo lilitoka msikitini, kwa kipaza sauti kilekile cha adhana: moto, mwenye ndoo aje. Jirani akafunua kisima chake cha maji ya mvua. Anayeijua nyanda ya juu ya Makonde anaelewa uzito wa tendo hilo. Maji yale ndiyo aliyoyategemea yamfikishe Desemba, na yakiisha ni kununua kwa dumu. Hakuuliza nani atayarudisha. Ndoo zikapita mkono kwa mkono, na vijana wa bodaboda wakapanda juu kung'oa makuti yaliyokaribia nyumba kubwa. Jiko liliteketea, nyumba ikapona. Kijana mmoja aliungua kiganja.

Nalitaja hili kwa sababu tunapojadili kama miji yetu midogo, Newala, Nachingwea, Liwale na mingineyo, iwe na vikundi vya zimamoto vya kujitolea, watu huzungumza kama vile ni jambo geni. Kwetu mtu wa kwanza kwenye moto ni jirani, tangu zamani. Hoja yangu ni kuhusu hali anayofika nayo: ana ujuzi gani, ameshika nini, na akiumia nani atamtibu.

Wanaopinga wana hoja nzito. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kuitoa kazi hiyo mikononi mwa halmashauri. Kuna namba moja ya dharura, 114. Wafanyabiashara wanalipia ukaguzi wa kinga ya moto. Basi kwa nini kijana asiye na ajira aingie motoni bure, kufanya kazi ambayo askari analipwa mshahara? Wanahofu pia kwamba kikundi kikishaundwa, ombi la kituo na gari litawekwa pembeni kwa maelezo kuwa wananchi wamejipanga. Hofu hiyo naielewa. Tumeona kwingine namna kazi ya kujitolea inavyogeuka kuwa ya kudumu huku malipo yakiendelea kuwa ahadi.

Hata hivyo umbali nao una neno lake. Kutoka Mtwara mjini hadi Masasi ni kama kilomita 200. Hata gari likiwa makao makuu ya wilaya, kijiji kilicho mwisho wa barabara ya mchanga kitalisubiri, na paa la makuti halisubiri. Kuna na suala la maji. Malalamiko kwamba gari limekuja bila maji yamezoeleka nchini, lakini mara nyingi lilikuja nayo: lita elfu chache huisha kwa dakika chache, na pa kujazia hapapo. Kwenye nyanda kavu kama ya Newala, anayejua kisima kipi kina maji leo ni mwenyeji.

Bukoba, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria, wavuvi waliwahi kufika na mitumbwi yao. Watu 19 walifariki, 24 wakaokoka. Mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, alisifiwa kwa kusaidia kufungua mlango wa ndege kwa kasia, kisha serikali ikaelekeza aingizwe kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ni heshima aliyostahili, ila ilimfikia mmoja, tena baada ya msiba. Mafunzo ya wengi kabla ya msiba yangekuwa na faida kubwa zaidi.

Ujasiri bila ujuzi nao unaua. Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, watu walilizunguka lori la mafuta lililopinduka, wengine wakichota petroli. Lililipuka na kuua zaidi ya watu 100. Pale angehitajika mtu wa mtaani, anayejulikana na kusikilizwa, wa kuwarudisha watu nyuma. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ningewapa wanaojitolea, mbele ya kuzima. Ya pili ni mambo madogo ambayo wengi tunayakosea: kuzima swichi kuu kabla ya kumwaga maji, kufunga mtungi wa gesi, kutosogeza moto karibu na magunia ya salfa, ambayo kwetu hulala chumba kimoja na watoto msimu wa kupuliza mikorosho. Na shambani, kulima barabara za kuzuia moto kabla nyasi hazijakauka. Kumwingiza mtu kwenye nyumba inayowaka, hapana. Hiyo iachwe kwa askari.

Nchini Chile wazimamoto wote ni wa kujitolea, tangu kikosi cha Valparaíso cha mwaka 1851, lakini serikali huwachangia fedha na sheria humlinda anayeumia kazini. Hapo ndipo naweka sharti langu. Kijana wetu wa bodaboda alikaa wiki tatu bila kushika usukani, na matibabu yake tulichanga kwa kupitisha kofia. Bila bima, glavu na buti, mimi pia nasimama na wanaopinga.

Fedha zisitafutwe kwa makato mapya. Mkulima wa korosho ameshakatwa vya kutosha. Halmashauri zinapokea ushuru wa mazao wa asilimia 3, na sehemu kubwa ya ushuru huo huku kwetu inatoka kwenye mikorosho, ambayo moto mmoja wa Septemba unaweza kuifuta ekari kwa ekari. Fungu dogo la ushuru huo likate bima ya watu ishirini kila kata na kumrudishia maji jirani aliyefunua kisima chake.