Tela ya farasi: chagua tobaa ya kushukia Kitonga

Kila nikiulizwa kuhusu kuvuta tela ya farasi huku kwetu Mufindi swali ni lile lile, eti gari gani ina nguvu. Mimi naona tunaanzia pabaya. Nguvu ya kupanda Kitonga, ule mlima wa kona kali kwenye barabara kuu ya Iringa kwenda Morogoro, karibu kila pikapu ya dizeli inayo, utaweka gia ndogo utapanda mdogo mdogo utafika. Kazi ipo siku unashuka kwenda Ruaha Mbuyuni na nyuma yako kuna tani 2 za kitu kinachopumua, kinachohamisha miguu kila kona, na kilichowashikanisha nyie wawili ni boli moja ya chuma, ile ya duara inayokaa kwenye tobaa (chuma cha kuvutia tela nyuma ya gari), ndogo kuliko ngumi yako.

Tupige hesabu kwanza. Farasi mkubwa mmoja ni kama kilo 500. Tela ya farasi wawili ikiwa tupu inacheza kilo 900 mpaka 1,200. Wapakie wawili, tupia majani, maji na matandiko, tani 2 umeshazipita. Sasa watu wanasoma kwamba Hilux hizi mpya au Land Cruiser pikapu inavuta mpaka kilo 3,500 wanatulia, wanasahau kwamba hiyo ni tela yenye breki zake yenyewe, kama tela haina breki namba inadondoka mpaka kilo 750, yaani hata farasi mmoja na tela yake hawaingii humo. Alafu hiyo ni namba ya gari. Tobaa nayo ina yake, boli ina yake, tela ina yake, na iliyo ndogo kuliko zote ndo namba yako wewe. Bampa iliyochomelewa boli katikati haina namba yoyote, mi naomba kabisa msivutie mnyama kwa bampa. Tobaa inayoeleweka inakaa kwenye chesisi, imefungwa kwa bolti kulia na kushoto, na ina kibao kinachosema inavuta kilo ngapi na inabeba kilo ngapi juu ya boli.

Ukubwa wa boli nao watu wanauchukulia poa na mimi nilikua mmoja wao. Huku kwetu boli karibu zote ni milimita 50, ila tela za Kimarekani zipo zinazotaka inchi 2, na zile nzito inchi 2 na 5/16 ambayo ni karibu milimita 59. Siku moja tuliazima tela ya aina hiyo kumpeleka farasi jike mmoja kijiji cha pili. Fundi akashusha kile kikombe cha tela juu ya boli yangu, kikakaa, akafunga kilango, nikamuuliza mbona kinacheza akasema "kaka hiyo imeingia, we twende". Tambarare haikuonyesha shida yoyote. Tuta la kwanza tu nikasikia kishindo, gari ikawa nyepesi ghafla, nikaangalia kioo naona pua ya tela inagonga minyororo ya usalama, ile inayoifunga tela na gari, na cheche zinaruka. Minyororo nilikua nimeivusha msalaba, wa kushoto kulia na wa kulia kushoto, kwahiyo pua ilidondokea juu yake haikuchimba lami. Yule farasi alikua anapiga teke ubao wa nyuma, dum dum dum, na mzee anayewatunza akashuka hajafunga hata mlango akaenda dirishani kwa farasi akawa anamwambia kwa Kihehe maneno ya kumtuliza, taratibu tu, mpaka mateke yakaisha. Mikono yangu ilitetemeka nusu saa nzima.

Tangu siku hiyo nikishafunga nazungusha mpini wa kile kigurudumu cha mbele cha tela ninyanyue pua, kama makalio ya gari yanapanda pamoja nayo basi imeshika kweli, kama kikombe kinachomoka boli inabaki basi haijashika. Inachukua dakika moja.

Kitu kingine ni uzito unaokaa juu ya boli. Ukiwa mdogo mno tela inaanza kutikisa mkia, gari inafuata, na kwenye mteremko ndo inazidi. Kwa tela za Kimarekani wanashauri asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote, zile za Ulaya ni chini zaidi, kama 5 mpaka 7, kwahiyo soma kibao cha tela yako. Kupima mimi natumia mizani ya wauza viazi, ile ya kupandishia gunia. Tela iwe imepakiwa na iko tambarare, unaweka kipande cha mbao kati ya mizani na kikombe, kwa urefu uleule inaokaa ikiwa kwenye gari, unasoma. Na tela ikae sawa, isiangalie juu wala kuinama, pikapu zetu nyingi zimenyanyuliwa springi kwahiyo utahitaji kibano kinachoshusha boli. Pua ikiwa juu uzito unakimbilia nyuma na farasi anasimama kama yuko mlimani safari nzima. Kama ni farasi mmoja tu kwenye tela ya wawili msimamishe kulia, upande wa dereva, maana barabara zetu zinalalia kushoto.

Kuna wanaoniuliza zile tobaa za fito za springi zinazogawa uzito mpaka tairi za mbele. Ni nzuri, pua ya gari ikinyanyuka usukani na breki za mbele zinapoteza nguvu, ila hakikisha kwanza tela na breki zake zinakubali. Za shingo ndefu, boli inakaa ndani ya bodi juu ya ekseli ya nyuma, zinatulia kuliko zote, lakini unapoteza bodi yote na kwa farasi wawili naona ni gharama ya bure.

Hela hiyo mi ningeipeleka kwenye breki. Breki za kusukuma, zile tela ikikuegemea zinajifunga, ni rahisi na hazina waya, shida Kitonga inakuegemea muda wote kwahiyo zinakamata muda wote zinapata moto. Shusha gia kabla hujaanza kushuka sio katikati, na ukifika chini simama pembeni uzipime joto kwa kiganja, usishike, usogeze tu. Za umeme unaziendesha mwenyewe toka ndani, tela ikianza kuyumba unakamata ya tela peke yake inanyooka. Kama unapita Kitonga au unateremka mlima Iwambi kule Mbeya kila mwezi na wanyama, nunua hizo, hata ikibidi tobaa ya bei isubiri msimu ujao wa mahindi.