Kete 64

Ugonjwa wangu ni picha za zamani za Unguja. Zile kadi za posta za kina A. C. Gomes na wanawe, wapiga picha Wagoa, walizokuwa wakiwauzia wasafiri wanaoshuka melini. Nikimwona mchukuzi na gunia lake la karafuu, au treni ya Bububu (ilianza 1905, haikufika mbali), chai inapoa mezani.

Mwaka jana nikaikuta moja mtandaoni: muuza kahawa, dele (birika lake la kahawa) mkono huu, kikombe mkono huu, nyuma yake baraza refu na mlango wa njumu kulia. Nikaapa nitaipiga upya palepale, niiweke "zamani na sasa", nipate sifa. Nikaichapisha kwa mia tano, nikaingia Mji Mkongwe.

Nilizunguka masaa matatu. Kila uchochoro baraza lipo, ila mlango umekaa upande usiotakiwa. Karibu na Jaws Corner pakafanana mpaka nikasisimka, lakini bado mlango uligoma. Nikajiambia labda nimesimama karibu mno. Karatasi menoni, jicho moja nimefumba, simu juu, nikaanza kurudi kinyumenyume. Kidogo tena. Kidogo tena.

Nilichokikalia kilikuwa bao. Wazee wawili walikuwa katikati ya mchezo, na kete zote 64 zikatawanyika: mtaroni, kwenye makunjo ya kanzu, nyingine chini ya mlango wa jirani. Aliyekuwa akishinda alisimama na bakora. Aliyekuwa akishindwa alinikumbatia. "Mwanangu, Mungu akuzidishie!"

Nikapiga magoti kuokota. Komwe, mbegu zinazochezewa bao, kama hujawahi kuzimwaga, hazianguki, zinatoroka. Nilipata 61. Moja paka alikuwa akiipeleka kwao.

Muuza kahawa wa pale barazani akaiokota karatasi yangu, akaitazama, akacheka mpaka vikombe vikalia.

"Ami, huyu anampa mtu kahawa kwa mkono wa kushoto?"

"Si ndivyo alivyo kwenye picha?"

"Wallahi, hata mwendawazimu hafanyi. Dele kushoto, kikombe kulia. Tazama."

Akaigeuza karatasi, akaielekeza juani, nikatazama kwa nyuma. Dele likahamia kushoto, kikombe kulia. Mlango nao ukahama, na baraza likawa hilihili nililowavunjia watu mchezo. Aliyeiskani ile negativu ya kioo aliilaza kifudifudi, picha ikatoka kulia kushoto, na mimi nikautafuta mji ulio ndani ya kioo cha kunyolea.

"Haya, piga picha yako uende," akasema muuza kahawa.

"Kwanza kete zangu tatu," akasema mzee.

Picha ninayo. Baraza lipo, mlango upo kushoto, na katikati yupo mzee kanyanyua bakora. Kwa mkono wa kulia.